Mikwaruzo Kwenye Jiko la Mtabila

Kasulu, Jumamosi alasiri, 2015

Mwanangu Domitila,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako sina haja ya kuiuliza kwa sababu naisikia. Uko hapo uani kwa Mama Zuhura, ukuta mmoja tu kutoka nilipokaa, unasukwa nywele za safari na unacheka mpaka anakugombeza. "Tulia mwali, utanipindisha njia!" Miaka yote aliyokaa Kasulu haijamtoa Upwani yule mama. Nywele zako ni nyingi na yeye hana haraka, kwa hiyo nina kama saa mbili. Wateja wa mchana wamekwisha, nimefuta meza moja na nimeifanya ya kuandikia.

Habari za safari sitakuandikia. Mahali pa kuficha simu, usile vya watu ndani ya basi, ukifika Mwanza usibebewe begi na mtu usiyemjua, hayo baba yako ameshayasema mara tatu na kesho alfajiri stendi atayasema ya nne. Mwache ayaseme. Ndiyo njia yake ya kulia.

Mimi nataka kukuandikia habari za jiko.

Najua ukifika hapo utakunja uso. Tangu urudi kutoka kwa shangazi yako Kumsenga hujaliwasha hata siku moja. Mvua inanyesha, mkaa umelowa, jiko la gesi liko hapa ndani limekaa kama mgeni, na wewe unapuliza makaa chini ya paa mpaka macho yanakuwa mekundu. Nikikwambia pika chai hapa, unanijibu, "Hilo lako, mama." Unasema kwa adabu kabisa. Ningependa siku moja ungesema kwa hasira.

Halafu mwezi uliopita ikaja ile barua ya chuo cha hoteli. Baba yako alirukaruka hapa mgahawani kama kijana, akamwonyesha kila mteja. Wewe ukasema, "Baba, nasikia majiko yao yote ni ya stenlesi. Mimi si nitawaharibia tu?" Ukacheka. Baba yako akacheka. Mimi nikasema naenda kuepua maharage, nikasimama nyuma ya nyumba bila kuepua kitu chochote, kwa sababu siku hiyo niliona kwamba kile nilichokifanya hakijaisha. Unaondoka kwenda kujifunza kazi ya jikoni ukiamini mikono yako inaharibu vitu. Hilo umelipata kwangu, na nisipolitoa kabla hujapanda basi, utakwenda nalo.

Ngoja nianze mbali kidogo. Nikianza karibu nitakimbia.

Unakumbuka nilipokuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya lile shirika kule Mtabila. Kambi ya wakimbizi ilipofungwa na Warundi wakarudishwa kwao, watu wa shirika nao wakaanza kufungasha. Vitanda vilikwenda huku, meza kule, na mimi bosi wetu, yule mama wa Bukoba, akaniita jikoni akaniambia, "Skola, jiko hili umelipikia miaka mingi. Lichukue." Plati nne, mbele na juu yote stenlesi, linang'aa kwa utulivu fulani ambao sufuria zetu hazina. Nililia mbele yake bila aibu. Kisha akaniambia neno moja la mwisho: "Ni kitambaa laini na maji ya sabuni tu. Waya usiguse hapa hata kwa dawa."

Nilimjibu sawa, mama. Moyoni nikasema hawa watu wa mashirika ni wavivu wa kusugua. Pale kazini kulisafisha jiko haikuwa kazi yangu, kulikuwa na mtu wake. Mimi nilipika tu, na nilidhani najua.

Wewe umekulia mjini, hukuyaona vizuri yale ya Kitanga. Kwetu, sufuria za mwanamke zilianikwa kwenye kichanja mbele ya nyumba, zimefunikwa, na kila aliyepita kwenda kisimani alizitazama migongo. Mama yangu alichekecha majivu kwa chekeche la unga. Mchanga aliuchota mtoni, ule laini wa pembeni, akaukausha kwanza. Tulisugua mimi na dada zangu kwa mviringo, kwa nguvu, mpaka sufuria iliyopikia maharage kwa kuni inakuwa nyeupe kiasi cha kuona meno yako. Ikibaki alama nyeusi shingoni, unairudia. Nilipoolewa, siku ya tatu wifi yangu, huyu shangazi yako wa Kumsenga, alikwenda kwenye kichanja changu akazigeuza sufuria moja moja. Hakusema kitu. Kwake yeye kutosema kitu ndiyo sifa, na mimi sifa hiyo nimeitunza maisha yangu yote.

Sasa, aliposikia kwamba Skola amepewa jiko la Wazungu, akatuma salamu kwamba anakuja kuliona. Ilikuwa Desemba, mgahawa una wiki mbili tangu tuufungue. Asubuhi ya siku hiyo niliamka kabla yenu wote. Niliona jiko lina utando wa mafuta na alama za vidole, nikaona haya. Nikachekecha majivu. Nikatia mchanga kidogo, nikachukua waya wa kusugulia, nikafunga kanga kiunoni, nikalisugua lile jiko kama nilivyofundishwa na mama yangu. Kwa mviringo, kwa nguvu, juu kote na mbele kote. Niliimba, Domitila. Nilikuwa na furaha.

Likiwa na maji lilionekana zuri. Nililimwagia maji safi nikasimama pembeni kungoja ling'ae. Likakauka, na kadiri lilivyokauka mikwaruzo ikatokea, duara juu ya duara, kama kuku walikuwa wakiparura mchwa pale. Nikalowesha tena, ikapotea. Likakauka, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nne au tano kama mjinga. Kisha nikachukua kile kitambaa cha kufuma cha kwenye kochi nikalifunika, nikajiambia wifi akija nitamweka nje kwenye kivuli, atakunywa chai, ataondoka.

Hayo yote wewe ulikuwa bado umelala.

Unajua kilichofuata, lakini ulikisikia ukiwa umesimama mlangoni, na mimi nataka ukisikie kutoka mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Shangazi yako hakukaa kwenye kivuli. Aliingia moja kwa moja, akaondoa kitambaa kwa vidole viwili.

"Yoo! Skola we! Nani kaliparura hivi?"

Baba yako alikuwa nyuma yake. Akanitazama mimi. Nilikuwa na neno mdomoni, nakuapia, nilikuwa nalo. Na wakati huohuo ukaingia wewe kutoka uani, sufuria mkononi, waya mkono wa pili, majivu mpaka kwenye viwiko. Shangazi yako akakutazama juu mpaka chini. Na wewe, kabla mtu hajakuuliza, ukasema, "Labda ni mimi, shangazi. Jana maziwa yalifurika nikayafuta kwa ile sponji ngumu. Sikujua kama linakwaruzika."

Nilikuona jana yake ulipoyafuta yale maziwa. Ulifuta sehemu ndogo kama kiganja, karibu na plati ya kwanza, na hukuacha hata alama. Ulikuwa unasema kweli yako ndogo mbele ya watu wazima watatu. Na mimi mama yako nikafungua mdomo nikasema, "Nilishakwambia usiliguse jiko hili."

Sikuwahi kukwambia hivyo. Unajua sikuwahi. Nilikuona ulivyonitazama, si kwa hasira, ulikuwa unatafuta kichwani ni lini nilikwambia ukasahau.

Ni mimi, Domitila. Jiko lile nililikwaruza mimi kwa mikono yangu, asubuhi ile, na majivu yangu na waya wangu. Maziwa yako hayakufanya kitu. Nimeandika sentensi hii mara mbili kwenye karatasi nyingine nikazichoma jikoni. Hii ya tatu naiacha.

Ukiniuliza kwa nini, sina jibu la kukupendeza. Niliogopa wifi. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mpishi wa watu wakubwa, niliogopa kwamba atasema kumbe Skola hajui kusugua. Basi. Hakuna kingine kikubwa nyuma yake. Nimetafuta miaka miwili sababu kubwa zaidi ya hiyo ili nijionee huruma, sikuipata.

Nilidhani utagombezwa kidogo na jambo litapita. Lakini shangazi yako akakaa kwenye kiti akasema, "Msichana wa miaka kumi na sita hajui waya unapita wapi na wapi haupiti? Huyu mtamwozesha kwa nani? Nipeni mwaka mmoja, nitamrudisha mtu." Baba yako mbele ya dada yake mkubwa huwa hana sauti. Akasema, "Sawa, dada." Kulikuwa na wiki tatu kabla shule hazijafunguliwa. Katika wiki hizo baba yako alifuatilia uhamisho wako wa shule, mimi nilikushonea sare mpya, na kila siku nilijiambia leo jioni nitasema. Nilikuwa na jioni zaidi ya ishirini.

Mwaka ule ulipokuwa Kumsenga sijawahi kukusimulia ulikuwaje huku. Nilikuwa nakupakulia chakula. Si mara moja. Ilipita Pasaka ndipo mkono wangu ukazoea kutoa sahani mbili. Chumba chako nilikifagia kila Jumamosi, nikatandika kitanda ambacho hakikulaliwa, na baba yako alipouliza unafanya nini humo nikamwambia kuna mchwa. Wasichana wenzako walipopita kwenda shule asubuhi niliwahesabu, kana kwamba siku moja idadi ingezidi mmoja. Kumsenga si mbali, najua. Kuna watu wametenganishwa na watoto wao kwa vita, na mimi kule kambini nilikutana na watu wa namna hiyo nikawafariji. Wa kwangu nilimpeleka mwenyewe, kwa basi, mchana kweupe.

Na Jumapili, baada ya misa, ulipiga kwa simu ya shangazi. Ulinisalimia, ukanieleza habari za shule, kisha kila mara, kila Jumapili, kabla ya kukata, "Mama, jiko limepona?"

Ulikuwa unauliza hivyo, limepona, kama unauliza habari za mgonjwa. Nami nikajibu linapona. Nikikata simu nilirudi kulitazama jiko.

Ndipo nilipoanza kulitengeneza.

Sikuweza kumuuliza baba yako. Angeuliza maswali. Nilisubiri aende kupima milango ya mtu, nikaingia karakanani kwake nikachukua kipande cha msasa wa mbao, ule mwekundu, nikasugua nao ukiwa mkavu, mbele na nyuma, mahali pamoja tu palipokuwa pabaya kuliko pengine. Pakatokea kipara. Mwanzo lilikuwa limekwaruzwa, sasa likawa limekwaruzwa na lina kipara. Nikakaa chini sakafuni nikacheka mpaka nikalia.

Nyuma ya soko alikuwapo Fundi Bahati, Mkongo, yule aliyekuwa akiziba sufuria na kuchomea mageti. Nikamleta siku ambayo baba yako hayupo. Aliinama akalitazama jiko kwa upande, shavu karibu ligusane na chuma.

"Mama, ulipiganaka na hii jiko?"

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia ukweli, na hakuwa hata na habari kwamba ni ukweli.

"Angalia muzuri. Hii chuma iko na mistari yake. Inatoka huku, inaenda huku. Mukono yako inapashwa kufwata ile. Ukizungusha, unaharibisha tena."

Niliinama kama yeye, mwanga wa dirisha ukiingia kwa pembeni, na kweli nikaiona. Mistari midogo sana, kama nywele, imelala kutoka kushoto kwenda kulia, chuma kizima. Nimelipikia jiko hilo miaka na sikuwahi kuiona. Fundi akanipa msasa wa maji, ule mweusi, vipande viwili, mmoja mkali kidogo na mmoja laini kabisa. Akanishika kifundo cha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Malembe, mama. Polepole. Unasukuma, unanyanyua, unaanza tena. Usirudishe nyuma. Na usisugue kidonda tu. Unapita chuma yote, toka mwanzo mpaka mwisho."

Chuoni watakufundisha kwa mashine na dawa za chupa, na utajua kuliko mimi. Lakini hiki kidogo nilichojifunza peke yangu nataka kiwe chako, kwa sababu nilijifunza nikikuwaza.

Kwanza lioshe kwa sabuni na kitambaa, ulikaushe, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa inakuandikia mstari mpya. Mkwaruzo mwepesi, ule unaouona tu ukisimama upande mmoja, hauhitaji msasa. Dawa ya meno nyeupe, ya kawaida, kwenye kitambaa chenye unyevu, unafuata mistari, unafuta. Mimi niliingia kwenye msasa kwa sababu wangu haukuwa mwepesi. Msasa ulowe daima. Anza na ule mkali kidogo, malizia na laini, na ukibadilisha futa vumbi lote la kwanza. Kabla hujaanza, jaribu mahali pasipoonekana. Mimi nilijaribia nyuma ya jiko, karibu na bomba la gesi, na ukienda kutazama leo utakuta huko nyuma kuna historia yangu nzima.

Kisha mafuta, tone tu, kulirudishia ule utulivu wake. Hapa nicheke kidogo. Fundi aliniambia mafuta ya kula, na mimi mtu wa Kigoma mafuta ya kula ni yapi? Nikapaka mawese. Jiko likawa la njano, likanuka wiki nzima, sisimizi wakahamia. Tumia ya alizeti.

Nilifanya kipande kwa kipande, saa hizi hizi za alasiri ambapo hakuna wateja. Nilikuwa nazungumza na wewe. Nikisukuma msasa nakueleza habari za siku, nani kaja, nani kala wali akasahau fimbo yake, Mama Zuhura kasema nini. Nilikusimulia hata jambo lenyewe, asubuhi ya majivu, tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilikusimulia vizuri sana kuliko ninavyoandika hapa. Ulikuwa Kumsenga, hukunijibu, ndiyo maana niliweza.

Umebaki mkwaruzo mmoja, karibu na kitufe cha plati ya tatu. Ukipitisha ukucha unakwama. Nilirudi kwa Fundi mara tatu juu ya huo, akakataa. Alisema chuma kitapata shimo, na shimo litaonekana kuliko mstari. Nilikasirika naye. Nilitaka mkwaruzo huo uondoke kabla wewe hujarudi, usibaki hata mmoja. Sasa naweza kukwambia kilichokuwa moyoni. Nilidhani jiko likipona lote hakutakuwa na la kusema tena. Nilikuwa nakupenda na nilikuwa nafuta ushahidi, kwa mkono mmoja, kwa wakati mmoja.

Ukarudi Desemba. Umekuwa mrefu, unaongea taratibu, unaosha vyombo kwa namna ya kuogopa. Ukaliona jiko ukauliza, "Mmenunua jingine?" Nikasema, "Fundi alilitengeneza." Ukafurahi kweli, ukanikumbatia. Halafu ukaweka begi chini ukaenda kuwasha mkaa.

Nilipaswa kukufuata pale pale kwenye mkaa. Sikukufuata.

Leo asubuhi ulipokwenda kumuaga Padri, niliingia karakanani kwa baba yako. Alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda. Nikasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nanyamaza. Nilisema yote. Hakusimamisha randa mpaka nilipomaliza.

"Misasa yangu," akasema.

"Nini?"

"Mwaka ule kipande kilipotea, na nyuma ya jiko niliona vumbi jeusi. Nilijua unalitengeneza jiko, Mama Domi. Nilidhani unamtengenezea mtoto alichoharibu, nikasema huyu mwanamke ana moyo." Akaweka randa chini. "Na mimi nikampeleka kwa dada yangu bila kumuuliza hata swali moja. Begi lake nililifunga mimi."

Nilitegemea anigombeze, na nadhani atanigombeza baadaye, wiki ijayo labda, wewe ukiwa umeondoka na nyumba ikiwa kimya. Alichouliza ni kimoja tu: nitakwambia lini. Nikamwonyesha karatasi, nikasema nitaandika, nitaiweka chini kabisa ndani ya begi, utaikuta Mwanza. Akatikisa kichwa. "Oya," akakataa kwa Kiha, kama anavyosema akiwa hana utani. "Huko atamlilia nani?"

Kisha nikampigia simu wifi. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko baba yako. Nilimwambia kwa maneno machache, nikasikia kuku wa kwake wakilia upande wa pili, muda mrefu.

"Skola," akasema mwishoni. "Mtoto yule aliniuguza malaria ile, akanilisha uji kwa kijiko. Na mimi nikiwaambia majirani, huyu ana mikono mizito, mama yake kashindwa. Mwaka mzima."

"Ego, wifi." Ndiyo, nikamkubalia kwa Kiha.

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akakata. Nimempigia tena mara mbili, hapokei, na ana haki. Lakini kabla sijaanza barua hii Mama Zuhura alinipitishia habari kwamba wifi amempigia yeye, anauliza basi lako ni saa ngapi na litapita wapi, na kama litasimama njia panda ya Kibondo. Sijui anataka nini. Ukimwona barabarani kesho, shuka umsalimie. Anayo yake ya kukwambia.

Kwa hiyo baba yako anajua na shangazi anajua. Uliyekuwa wa kwanza kuadhibiwa umekuwa wa mwisho kuambiwa, na hilo nalo ni kosa langu.

Barua hii siiweki kwenye begi. Naisikia kanga yako inakung'utwa nywele, Mama Zuhura anasema geuka nikuone. Ukiingia nitakupa mkononi, nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka uimalize. Sitakuambia unisamehe. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wamezoea. Ukitaka kunyamaza mpaka basi liondoke, nitanyamaza na wewe. Nataka tu ukasirike nikiwa karibu, mwana wanje, mwanangu, usikasirike peke yako Mwanza kwenye chumba cha ugenini.

Lipo moja ambalo sikuwa na ujasiri wa kuliandika huko juu. Siku ile ya kwenda Kumsenga, pale stendi, nililia mpaka kondakta akaniletea kiti. Wewe ulikuwa umeshapanda. Ukashuka, watu wakakuzomea kwamba unachelewesha gari, ukaja ukanishika mabega. Ukasema, "Usilie, mama. Nisamehe. Sitaharibu tena kitu chako." Nami nikakuitikia kwa kichwa. Nilikubali unione kama mama anayelilia jiko.

Kesho alfajiri nitalia tena pale pale, najijua. Nakuomba usishuke. Kaa kwenye kiti chako, nitazame dirishani, na safari hii ujue kwamba hakuna ulichoharibu. Nalia kwa sababu unaondoka, na kwa sababu mwaka mmoja wa kuwa na wewe niliutoa mwenyewe, na haurudi.

Mama yako,
Skolastika